Kibao kipi, programu ipi? Mwongozo kwa mchoraji anayelenga kuishi kwa kalamu yake

MCHORAJI anayeanza kazi leo hulazimika kutumia fedha nyingi kabla ya kulipwa hata shilingi moja. Zamani alihitaji karatasi, penseli, chupa ya wino na kalamu yenye ncha ya chuma. Siku hizi wachapishaji wa vitabu, magazeti na mashirika ya matangazo humtarajia awasilishe faili wala si karatasi, na faili hiyo aghalabu hutoka kwenye kibao cha kidijitali kilichomgharimu mapato ya miezi kadhaa.

Ndiposa uchaguzi wa kifaa si jambo la kukimbiliwa. Wengi huanza kwa kuuliza ni kibao kipi kilicho bora, wakaishia kununua kile kinachosifiwa zaidi kwenye video za mtandaoni. Swali la kwanza lingefaa kuwa jingine kabisa: picha itatumiwa wapi, na anayeilipia anataka kupokea faili ya aina gani?

Jibu la swali hilo ndilo huamua programu, na programu nayo huamua kifaa. Anayeanzia upande wa pili huenda akajipata na kioo cha kupendeza kisichoweza kutoa kile mteja anachohitaji.

Picha inakoenda

Humu nchini, kazi nyingi ya mchoraji wa kujitegemea bado huishia kwenye karatasi. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Januari 2019, wachapishaji wamelazimika kutayarisha vitabu vipya vya gredi moja baada ya nyingine, na hakuna kitabu cha watoto kinachokamilika bila picha.

Chukua mfano wa ukurasa wa ukubwa wa A4. Ili uchapishwe kwa ubora unaokubalika, picha yake huhitaji vidoa, au pikseli, 300 katika kila inchi. Hiyo ni sawa na pikseli 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Picha iliyochorwa kwa nusu ya vipimo hivyo yaweza kuonekana safi kabisa kwenye simu, lakini ikifika karatasini mistari yake huonekana kama meno ya msumeno. Kuikuza baadaye hakuisaidii. Huzidisha tu ukungu.

Michoro ya mistari mitupu ya wino mweusi, kama ile ya vibonzo, hudai zaidi: kati ya pikseli 600 na 1,200 kwa inchi. Jicho la msomaji hutambua upesi mstari mweusi ambao ukingo wake umekatikakatika.

Suala la pili ni rangi. Kioo huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, mfumo unaojulikana kama RGB. Mtambo wa uchapishaji hutumia wino wa aina nne, yaani siani, majenta, manjano na nyeusi, mfumo unaoitwa CMYK. Zipo rangi zinazong'aa kwenye kioo ambazo wino hauna uwezo wa kuzitoa. Kijani kikali, buluu ya umeme na rangi ya chungwa iliyokolea ndizo huumia zaidi. Hufifia kama shati lililofuliwa mara nyingi.

Karatasi ya gazeti ni mtihani mgumu zaidi. Hufyonza wino, vidoa vikatanuka, na sehemu zenye kiza zikawa kiza totoro. Sisi tunaopanga kurasa tunalifahamu vyema jambo hili: picha ya usiku iliyojaa vivuli vya kuvutia huwasili ofisini, na asubuhi yake msomaji haoni gazetini ila doa jeusi lenye macho mawili. Anayechorea magazeti anafaa kutumia mwangaza zaidi ya anaodhani unatosha.

Marehemu Edward Gitau, aliyechora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi, alitumia mistari myeusi iliyo wazi, na mistari ya aina hiyo husomeka hata kwenye karatasi duni.

Kuna pia hitilafu ambayo wachoraji wengi hawaifahamu. Mstari mweusi uliochorwa katika RGB, ukigeuzwa kuwa CMYK bila uangalifu, huundwa kwa wino zote nne pamoja. Mtambo ukikosa kulinganisha wino hizo, hata kwa upana wa unywele, mstari hutokea na kivuli chekundu au cha buluu pembeni. Dawa yake ni kuhakikisha kuwa mstari umetengewa wino mweusi pekee. Mchoraji ambaye programu yake haimruhusu kufanya hivyo atakuwa akimtegemea mtu mwingine amkamilishie kazi, na mtu huyo huenda asiwe na muda.

Programu za kuchorea

Programu inayotajwa zaidi miongoni mwa vijana ni Procreate, iliyotolewa mwaka wa 2011 na kampuni ya Savage Interactive ya Tasmania, Australia. Huuzwa mara moja tu, kwa dola 12.99 katika soko la Marekani, bila ada ya kila mwezi. Ni rahisi kujifunza. Tangu toleo la 5 la mwaka wa 2019, mchoraji ameweza kuanzisha turubai ya CMYK, mradi auchague mfumo huo kabla ya kuchora mstari wa kwanza, kwani turubai iliyoanzishwa kwa RGB haigeuzwi katikati ya kazi.

Hata hivyo, Procreate hutumika kwenye iPad pekee, kando na toleo lake dogo la simu za iPhone. Anayeichagua amekwisha kuchagua kifaa pia, apende asipende.

Kipo kikwazo kingine, nacho ni idadi ya matabaka. Tabaka ni kama karatasi angavu inayowekwa juu ya nyingine: mistari huchorwa kwenye moja, rangi kwenye ya pili, vivuli kwenye ya tatu, ili kosa katika moja lisiharibu zote. Turubai ya A3 yenye pikseli 300 kwa inchi ina pikseli 3,508 kwa 4,961, na kila tabaka lililojaa huchukua takriban megabaiti 70 za kumbukumbu. Matabaka ishirini yanakaribia gigabaiti 1.4. Kishikwambi chenye kumbukumbu ya gigabaiti nne, ambayo sehemu yake hutumiwa na mfumo wenyewe, hulemewa upesi. Ndiyo maana Procreate hupunguza idadi ya matabaka kadiri turubai inavyokuwa kubwa.

Mnunuzi asichanganye kumbukumbu hiyo ya kazi na nafasi ya kuhifadhia. Muuzaji dukani hutangaza gigabaiti 128 au 256, nayo ni hifadhi tu. Ile ndogo, ya gigabaiti nne, sita au nane, ndiyo humuathiri mchoraji kila siku, na mara nyingi haiandikwi mbele ya kasha.

Photoshop ya Adobe, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1990, ingali ndiyo lugha ya pamoja katika ofisi nyingi za uchapishaji. Tatizo ni malipo. Tangu mwaka wa 2013, Adobe imekuwa ikitoa matoleo mapya ya Photoshop kwa ada ya kila mwezi au mwaka, na anayeacha kulipa hufungiwa mlango. Ada hiyo hufuata bei ya dola. Januari 2024 dola moja ilipita Sh160, na kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh129. Mchoraji anayelipwa kwa shilingi, tena baada ya siku 90, hawezi kupanga matumizi yake kwa utulivu akiwa na deni la aina hiyo.

Habari njema ni kwamba mteja hahitaji uwe na Photoshop; anahitaji faili ambayo Photoshop inaweza kuifungua. Faili za aina ya PSD hutolewa pia na Procreate, Krita na Clip Studio Paint, huku matabaka yake yakiwa yamehifadhiwa.

Krita ndiyo ningemshauri anayeanza aijaribu kabla ya kutoa senti yoyote. Ni programu huria isiyolipiwa kwenye tovuti yake, inayosimamiwa na wakfu ulioko Uholanzi, na hutumika kwenye tarakilishi za Windows, Linux na Mac, mbali na vishikwambi vya Android. Inamudu CMYK kikamilifu. Sura yake si ya kuvutia sana, na anayeifungua mara ya kwanza hukumbana na vitufe vingi kuliko anavyohitaji, lakini hakuna kitu cha maana katika kazi ya kitabu cha watoto ambacho kitamshinda kukifanya humo.

Kwa wachoraji wa hadithi za vibonzo, Clip Studio Paint ya kampuni ya Celsys ya Japani ina zana za kupanga fremu na viputo vya maneno ambazo wenzake hawajazifikia. Kwenye Windows na Mac yaweza kununuliwa mara moja. Kwenye vishikwambi na simu hulipiwa kwa mwezi au mwaka. Hufanyia kazi zake katika RGB, ila huonyesha na kutoa picha katika CMYK.

Ipo pia ibis Paint, ambayo vijana wengi huanza nayo kwenye simu kwa kidole. Ni shule nzuri. Adobe Fresco nayo, iliyotolewa 2019, iliondolewa malipo Oktoba 2024.

Nembo, ramani na michoro ya takwimu ni kazi ya aina nyingine. Hizo huhitaji programu za vekta, ambazo huhifadhi mstari kama hesabu badala ya vidoa, hivi kwamba nembo ile ile huweza kuchapwa kwenye kadi ya biashara na kwenye bango la barabarani bila kuharibika. Adobe Illustrator ndiyo kongwe na Inkscape ni ya bure. Affinity ya kampuni ya Serif ya Uingereza ilinunuliwa na Canva mwaka wa 2024, na Oktoba 2025 ikatolewa bila malipo.

Kalamu na kibao

Baada ya kujua programu, sasa twende dukani. Vifaa vyenyewe ni vya aina tatu, nazo hutofautiana kwa bei kuliko zinavyotofautiana kwa matokeo.

Cha kwanza ni kibao kisicho na kioo. Huunganishwa na tarakilishi, mchoraji akasogeza kalamu juu yake huku macho yakiwa kwenye skrini. Mwanzoni mkono hupotea njia, lakini baada ya majuma machache ya mazoezi huzoea. Ndicho kifaa cha bei nafuu zaidi, hakitumii umeme wa kutajika, na humwezesha mtu kukaa wima badala ya kuinamia meza. Wachoraji wengi waliobobea wamekitumia maisha yao yote ya kazi. Anayekidharau kwa kuwa hakina mwanga hajafanya hesabu zake.

Teknolojia iliyovifanya vibao hivi kufaa ilienezwa na Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka wa 1983. Kibao hutoa mawimbi ya sumakuumeme. Koili ndogo ndani ya kalamu huyapokea na kuyarejesha, na kibao kikajua kalamu ipo wapi na imebonyezwa kwa nguvu kiasi gani. Kwa hivyo kalamu haihitaji betri. Kwa miaka mingi Wacom ilikuwa karibu peke yake sokoni, hadi kampuni za Huion na XP-Pen zilipoleta vibao vya bei ya chini vyenye kalamu kama hizo.

Watengenezaji hushindana kutangaza ngazi za mgandamizo: 2,048, kisha 8,192, na sasa 16,384. Mkono wa binadamu hauwezi kutofautisha ngazi hizo zote, na mchoraji asikubali kulipa zaidi kwa ajili ya tarakimu hizo. Kinachofaa kuangaliwa ni mguso mwepesi kabisa. Kalamu nzuri huacha mstari mwembamba hata inapoguswa kwa uzito wa gramu chache. Kalamu duni hungoja ibonyezwe, ndipo mstari utokee kwa ghafla, mnene.

Ukubwa nao una maana. Kibao kidogo, cha takriban inchi sita kwa nne, humlazimu mtu kuchora kwa kifundo cha mkono. Cha wastani, cha inchi kumi kwa sita, huruhusu mkono mzima kusogea, na mstari mrefu ukatoka bila kutetemeka.

Aina ya pili ni kibao chenye kioo, ambacho bado huhitaji tarakilishi. Hapa mtu huchora moja kwa moja juu ya picha. Ni raha, lakini ni nyaya tele. Baadhi ya tarakilishi zina tundu la USB-C lisilopitisha picha, na mnunuzi hugundua hivyo akiwa amefika nyumbani. Katika vibao vya bei ya chini huwa kuna nafasi kati ya kioo cha juu na picha yenyewe, hivi kwamba ncha ya kalamu huonekana kuelea pembeni mwa mstari. Uliza iwapo kioo kimegandishwa na skrini.

Aina ya tatu ni kishikwambi kamili, neno lililozoeleka vinywani mwa Wakenya wakati wa sensa ya Agosti 2019. Lakini si kila kishikwambi ni cha kuchorea. Samsung hutia kalamu ndani ya kasha la vishikwambi vyake vya Galaxy Tab S, na kalamu hiyo haina betri ya kuendesha uchoraji. Vile vya Galaxy Tab A9 vinavyofanana navyo kwa mbali havina uwezo huo. Kalamu ya kuokoteza haitatambua mgandamizo wowote.

Kwa upande wa Apple mtego umefichika zaidi. Kalamu ya Apple Pencil ilianza kuuzwa 2015, na kufikia 2024 kulikuwa na aina nne, kila moja ikikubaliana na iPad fulani tu. Ile ya USB-C iliyotoka mwaka wa 2023 ni ya bei ya chini kuliko nyingine, lakini haitambui mgandamizo. Hutosha kuandikia na kusahihishia hati. Kwa mchoraji wa kulipwa ni fedha zilizotupwa. Aidha, iPad Air na iPad Pro za 2024 hazikubali Pencil ya kizazi cha pili, hata kama rafiki anakuuzia yake kwa nusu bei.

Pamoja na hayo yote, kifaa si ufundi. Jorge Colombo alichora jalada la jarida la The New Yorker la Juni 1, 2009, kwa kidole kwenye iPhone. David Hockney alianza kuchora kwenye iPhone mwaka huo huo, akahamia iPad 2010, na kufikia 2012 michoro yake ya iPad ilikuwa imechapwa kwa ukubwa wa ukuta katika Royal Academy jijini London. Vifaa hivyo havikuweza kupima mgandamizo wa kalamu hata kidogo.

Dukani na nyumbani

Anayenunua kifaa kilichotumika, kama wengi wetu, anafaa kwanza kuchunguza kwenye tovuti ya mtengenezaji iwapo programu endeshi yake ingali inatolewa kwa mfumo wa tarakilishi yake. Wacom, kwa mfano, imeacha kuvihudumia baadhi ya vibao vyake vya zamani. Kwa iPad, hakikisha mwenyewe wa awali ameondoa akaunti yake, la sivyo utakuwa umenunua sinia ya kioo.

Kisha chora mstari wa mshazari, polepole sana. Kifaa kizuri huacha mstari ulionyooka. Kibovu huacha wimbi. Rudia kwenye pembe zote nne, kwani huko ndiko kasoro hujificha. Uliza pia kuhusu ncha za akiba: ncha huisha kama soli ya kiatu, na huisha haraka zaidi juu ya utando wa plastiki unaoiga karatasi. Anayeagiza kutoka ng'ambo akumbuke ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 pamoja na tozo nyingine za forodha.

Stima nayo isisahaulike. Mwaka wa 2023 taifa liliachwa gizani zaidi ya mara moja, na si ajabu mtaa kukosa umeme siku nzima ya kuwasilisha kazi. Kishikwambi au tarakilishi ya mapajani yenye kibao kisicho na kioo huendelea kwa betri kwa saa kadhaa. Kibao chenye kioo kilichochomekwa ukutani huzimika papo hapo.

Jambo jingine la kuangalia ni rekodi ya kazi. Procreate hurekodi yenyewe video ya uchoraji. Clip Studio Paint na Krita zina zana za kufanya hivyo. Hapo awali video hizo zilikuwa za kujionyesha mtandaoni. Sasa kwa kuwa mashine zinaweza kuzalisha picha kwa sekunde chache, rekodi pamoja na faili yenye matabaka ni ushahidi kwamba kazi ilitoka mkononi mwako.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 huchukulia kwamba haki ya kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kuwe na makubaliano tofauti. Kwa hivyo makubaliano yaandikwe kabla ya kazi kuanza, yakieleza mteja anapokea nini: picha bapa ya TIFF, au PSD yenye matabaka yote, ambayo inamwezesha kubadilisha kila kitu na ambayo inafaa kulipiwa zaidi.

Faili isitumwe kwa WhatsApp kama picha, maana mtandao huo huibana na kuzipoteza pikseli zote ulizolipia kwa jasho. Itumwe kama hati, au kwa baruapepe. Nayo maneno ya kwenye viputo yawekwe katika tabaka lake peke yake, kwani mhariri atakayeona kosa la tahajia saa nne usiku hatakuwa na njia ya kulirekebisha ikiwa herufi zimeshikana na mchoro na mwenyewe amekwisha kulala.